Mashine ya Kujihudumia Ambayo Kila Mtu Ataimaliza Mwenyewe: Mwongozo Kamili kwa Wabunifu na Mafundi

Kosa ni lile lile kila mara. Mtu ananitumia picha ya mashine mpya, iwe ya kutoa namba za foleni, ya kulipia huduma au ya kukata tiketi, na chini yake ameandika: "Hii kaka, hata watu wenye ulemavu wataitumia." Nakuza picha. Ubavuni kuna kibandiko cha bluu cha kiti mwendo. Kioo kimefungwa usawa wa kidevu cha mtu aliyesimama. Mbele kuna ngazi mbili. Tundu la risiti liko chini karibu na goti. Spika haipo. Hapo kilichofikiria ulemavu ni kibandiko peke yake.

Nina karakana Unga Limited, Arusha, na mashine hizi nimezichomelea hapa na Moshi. Ya kwanza niliikosea karibu kila mahali nitakapokuonya humu. Ilikaa mapokezi kwenye ofisi moja miezi michache, kisha wakaisogeza pembeni na kuweka chungu cha maua juu yake. Waliniambia kwa upole kwamba "imesaidia kupendezesha".

Kipimo changu siku hizi ni kimoja: mtu afike mwenyewe, aanze mwenyewe, amalize, na aondoke na risiti yake bila kumtajia mtu yeyote namba yake ya siri. Akilazimika kumwita mlinzi, kazi yako bado haijaisha.

## Andaa hivi kwanza

- Futi kamba ya mita tano, pima maji na chaki.
- Maboksi makubwa manne au matano (ya friji au ya runinga), gundi ya karatasi na kisu kikali.
- Kiti mwendo cha kuazima kwa siku nzima, siyo kwa dakika kumi.
- Kibodi ya namba yenye vitufe vya kubonyea.
- Mkono wa simu ya mezani, hedifoni ya waya ya kawaida na spika ndogo.
- Simu nzuri ya kurekodia sauti, na chumba kisicho na mwangwi. Chumba chenye kabati la nguo na godoro kinatosha.
- Hatua zote za programu zimechorwa kwenye karatasi, ukurasa mmoja kwa kila skrini.
- Watu watano wa kujaribu: asiyeona, mwenye uoni hafifu, kiziwi, anayetumia kiti mwendo au baiskeli ya mikono, na mwenye ulemavu wa mikono.

Hao watano ndio wanaorukwa kwanza bajeti ikibana. Usiwaruke. Anzia kwenye vyama vyao: Chama cha Wasioona Tanzania (TLB), CHAVITA kwa viziwi, Chama cha Watu wenye Ualbino, au SHIVYAWATA ambalo ni shirikisho la vyama hivyo vyote. Kwa upande wa Moshi kuna TATCOT pale hospitali ya KCMC, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo. Kwa Arusha kuna Chuo cha Ualimu Patandi, Tengeru, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Ukiwapata watu, walipe nauli na posho ya siku kama unavyomlipa fundi rangi. Kumwita mtu siku ya uzinduzi ili apigwe picha akigusa kioo ni kumtumia.

Mteja akikuuliza "kwani ni lazima?", mjibu kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazungumzia ufikikaji kwenye ibara ya 9. Vipimo vingi nitakavyotaja humu vinatoka kwenye viwango vya mwaka 2010 vya ADA, sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu. Ulaya nao wana kiwango chao, EN 301 549, na tangu tarehe 28 Juni 2025 sheria yao inazibana mashine mpya za kujihudumia. Kwa hiyo ukiagiza mashine huko, mwombe muuzaji hati yake ya ufikikaji kabla hujalipa hata shilingi.

## Hatua ya 1: Anzia barabarani

Nenda pale daladala inaposhusha abiria. Kaa kwenye kiti mwendo, jisukume mwenyewe mpaka mahali mashine itakapokaa. Usikubali kusukumwa. Kila ulipokwama, weka alama ya chaki na piga picha.

Cha kwanza kitakachokukamata ni mtaro. Miji yetu ina mitaro ya mvua kando ya barabara, na vifuniko vya vyuma juu yake. Nafasi kati ya chuma na chuma isizidi milimita 13, na vyuma vikate njia ya mtu. Vikilala kufuata njia, gurudumu dogo la mbele linadumbukia na mtu anaanguka kifudifudi.

Kisha ngazi. Mteremko unaokubalika ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi moja ya sentimita 15 inataka mteremko wa mita 1.8. Ngazi tatu za namna hiyo ni mita 5.4. Hapo ndipo fundi atakapokwambia, "Bosi, tuweke ubao tu, wataungaunga." Ubao mfupi unamwangusha mtu chali. Kama nafasi haipo, ihamishe mashine chini.

Mlango uwe wazi angalau milimita 815. Mimi nadai 900 kwa sababu milango yetu ya chuma ina makomeo yanayochomoza na kula nafasi.

Mbele ya mashine acha sakafu tupu isiyopungua milimita 760 kwa 1,220, na duara la milimita 1,525 la kugeuzia. Hicho ni kipimo cha kiti mwendo. Huku kwetu watu wengi hutumia baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono, ambayo ni ndefu zaidi na gurudumu lake la mbele halimruhusu mtu kuikaribia mashine uso kwa uso. Anaikaribia kwa ubavu. Basi mimi naacha mita mbili kamili, bila nguzo, upande wa kulia na wa kushoto.

Sakafu hapo iwe tambarare, mteremko wake usizidi 1 kwa 48. Nimeona kibaraza kilichomwagwa zege kwa mteremko ili maji yatoke, na mzee mmoja akiandika namba yake kwa mkono mmoja huku wa pili umeshikilia gurudumu asirudi nyuma.

Umefaulu hatua hii ikiwa umejisukuma kutoka kituoni mpaka kwenye mashine bila kushuka na bila kumwomba mtu.

## Hatua ya 2: Chagua inakotazama

Hili halimo kwenye vitabu vya wenzetu kwa sababu jua lao si letu. Arusha na Moshi tuko digrii tatu na kitu kusini mwa ikweta. Kioo kinachotazama mashariki kinapigwa na jua la asubuhi lote, kinachotazama magharibi kinapigwa jioni. Jua hilo ni la chini, hivyo paa halisaidii. Kitazamishe kaskazini au kusini. Jua la adhuhuri, liwe la Juni upande wa kaskazini au la Desemba upande wa kusini, liko juu sana kiasi kwamba paa lililochomoza kidogo linalizuia.

Mwenye uoni hafifu ndiye anayeumia kwanza. Watu wengi wenye ualbino macho yao hayavumilii mwanga mkali, na ngozi yao haistahili kusimamishwa juani kusubiri zamu. Kwa hiyo paa lifunike na foleni, siyo mashine tu.

Ukiwa ndani ya jengo, angalia dirisha lililo nyuma ya mtumiaji. Kioo cheusi ni kioo cha kujitazamia. Njia rahisi ya kupima: weka simu yako ikiwa imezimwa pale kioo kitakapokuwa, saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni. Ukiona uso wako vizuri, sogeza.

## Hatua ya 3: Jenga ya maboksi kabla ya chuma

Hapa ndipo pesa zinapookolewa. Bati la geji 16 ukishalikata umelikata. Boksi unalipunguza kwa kisu.

Tengeneza mashine nzima kwa maboksi, kwa ukubwa wake halisi. Chora kioo kwa kalamu, bandika kibodi ya kweli, toboa tundu la risiti. Kurasa zako za skrini uzishike mkononi. Mtu akigusa "Endelea" kwenye karatasi, wewe unabadilisha ukurasa. Inachekesha, lakini inafanya kazi kuliko mchoro wowote wa kompyuta.

Nakumbuka mama mmoja asiyeona tuliyemwita kujaribu boksi letu. Alikuja na fimbo yake nyeupe, akagonga chini, fimbo ikapita moja kwa moja kwenye nafasi ya magoti, yaani uwazi wa chini ambamo magoti ya aliyeketi huingia, naye akapiga hatua. Paji la uso wake likakutana na ukingo wa juu wa boksi. Lilikuwa boksi, halikumuumiza. Lingekuwa bati ningempeleka hospitali.

Akacheka, akapapasa mpaka akapata tundu nililolichora. "Hii ni ya nini?"

"Ya hedifoni, mama. Ukichomeka tu, mashine inaanza kuongea."

"Na hizo hedifoni nazitoa wapi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimenakili kiwango neno kwa neno, nikasahau kwamba mtu anayekuja kulipia maji hatembei na hedifoni ya waya, na hata simu nyingi mpya hazina tena tundu lake. Jioni ile nikanunua mkono wa simu ya mezani kwa fundi simu. Kuunyanyua tu, sauti inaanza. Tundu la hedifoni tuliliacha pia, kwa sababu mtu mwenye mkono mmoja hawezi kushika mkono wa simu na kubonyeza kwa wakati mmoja.

Kuhusu lile paji la uso: kitu chochote kilicho kati ya milimita 685 na 2,030 kutoka sakafuni kisichomoze zaidi ya milimita 100 bila kitu chini yake ambacho fimbo itakigonga. Tulitatua kwa kushusha mashavu mawili ya bati, kulia na kushoto, mpaka karibu na sakafu. Fimbo inayagonga, magoti yanapita katikati.

## Hatua ya 4: Weka vimo

Kila kinachoguswa, kuvutwa, kuchomekwa au kuchukuliwa kiwe kati ya milimita 380 na 1,220 kutoka sakafuni. Hiyo ndiyo mipaka. Ndani ya mipaka hiyo mimi nalenga kati ya 800 na 1,100, kwa sababu mtu mwenye mikono dhaifu akiketi hawezi kuinua kiwiko juu ya bega mara ishirini kuandika namba ndefu.

Nafasi ya magoti: kimo milimita 685, upana 760, kina 430. Usiweke betri wala waya humo baadaye. Fundi umeme ataona ni "nafasi ya bure" na atapenda kuitumia.

Kioo kilalie nyuma kidogo, na maandishi yaonekane kwa jicho lililo milimita 1,015 kutoka sakafuni. Keti kwenye kiti mwendo, funga jicho moja, angalia. Ukiona mng'ao wa taa ya dari badala ya maandishi, badili pembe.

Tundu la risiti likae karibu na kibodi, na karatasi itokeze vya kutosha kushikwa na kiganja kizima. Mashine inayotoa ncha ndogo ya karatasi inataka vidole viwili vyenye nguvu, na wengine hawana.

## Hatua ya 5: Jaribu kwa ngumi

Kunja ngumi. Tumia mashine yote kwa ngumi hiyo moja, kuanzia mwanzo hadi risiti. Chochote kilichokushinda kitamshinda mtu mwenye ulemavu wa mikono. Hakuna cha kupotosha, kubana kwa vidole wala kushika kwa nguvu. Kusukuma kusizidi nguvu ya nyutoni 22, yaani kama uzito wa kilo mbili na robo.

Kioo cha tachi cha aina ya simu hakiitikii mkono wa bandia wala kijiti cha kawaida. Ndiyo maana kila kinachofanyika kwa kioo lazima kifanyike pia kwa vitufe. Kila kitu, hadi kubadili lugha.

Onyo moja kubwa: mashine ikitaka alama ya kidole, iwe na njia nyingine ya kumthibitisha mtu. Wapo wasio na vidole, na wapo ambao jembe na saruji vimewafuta alama. Usimwachie mlinzi awaamulie.

Vitufe vya namba vipangwe kama vya simu ya kitochi, 1-2-3 juu. Kibodi ya kompyuta ina 7-8-9 juu, na mtu asiyeona aliyezoea kitochi atakosea namba ya siri mara tatu na kufungiwa. Kitufe cha 5 kiwe na kidoti kilichoinuka. Cha kuthibitisha kiwe na duara lililoinuka, cha kufuta mshale wa kushoto, cha kusitisha alama ya X. Rangi ya kijani, njano na nyekundu iwe nyongeza juu ya alama hizo, isibebe maana peke yake.

## Hatua ya 6: Ifundishe kuongea Kiswahili cha watu

Nitakaa hapa kidogo. Wengi wananunua programu ya nje, wanatafsiri maneno, kisha wanaacha mashine isome tarakimu kwa akili yake ya huko ilikotoka. Sauti inatoka nzuri kabisa, na inampotosha mtu.

Saa. Basi linaondoka 06:00. Mashine ikisema "saa sita", abiria asiyeona atafika stendi adhuhuri na kukuta basi liko mbali njiani kwenda Dar es Salaam. Sauti iseme "saa kumi na mbili asubuhi". 13:30 ni "saa saba na nusu mchana". 19:15 ni "saa moja na robo usiku". Na ile ya 00:30 siku ya Jumatano iitwe "saa sita na nusu, usiku wa kuamkia Jumatano", la sivyo mtu atakuja usiku wa siku inayofuata. Mwambie mwandishi wa programu aandike kanuni hizi kwa mkono na azijaribu kwa kila saa ya siku, zote 24.

Fedha. Sema kwa sauti: "elfu kumi na mia mbili". Sasa sema: "elfu kumi na mbili". Kati ya 10,200 na 12,000 kuna neno moja, "mia", na kwenye kelele za wapiga debe neno hilo linamezwa. Kwa hiyo sauti itaje kiasi kwa maneno, itulie kidogo, kisha irudie tarakimu moja moja: "moja, mbili, sifuri, sifuri, sifuri". Laki nayo isemwe laki. Hakuna anayesema "elfu mia moja hamsini" sokoni Kilombero.

Namba ya malipo. Namba za malipo ya serikali zina tarakimu 12. Zisomwe tatu tatu, na pumziko katikati, na kuwe na kitufe cha "rudia". Usiifanye sauti itamke namba yote kama fedha. Nimewahi kuisikia mashine ikisema "bilioni mia tisa" kwa mtu aliyekuja kulipa faini ndogo. Alitaka kukimbia.

Namba ya siri. Isitamkwe kamwe. Kila tarakimu ikiingia, uwe mlio mfupi tu. Na kwa kuwa asiyeona hajui nani amesimama nyuma yake, mpe chaguo la kuzima kioo wakati anaandika. Liwe chaguo lake, lisijizime lenyewe, maana mwenye uoni hafifu huenda anatumia sauti na kioo vyote viwili.

Sauti yenyewe utaipata kwa njia mbili. Ya kwanza ni programu ya bure kama eSpeak NG, ambayo ina Kiswahili. Inasikika kama roboti, ila inasoma chochote, hata jina la mtu. Ya pili ni kurekodi mtu. Kwa mashine yenye maneno machache mimi narekodi.

Rekodi namba 1 hadi 99 kila moja ikiwa nzima. Usiunge "ishirini" na "na" na "tano" kwa vipande, utasikia kama mtu mwenye kwikwi. Kila namba irekodiwe mara mbili: mara moja kwa sauti inayoendelea, mara moja kwa sauti inayoshuka ya mwisho wa sentensi. Hizo ni rekodi 198. Ongeza "sifuri", "mia", "elfu", "laki", "milioni", "shilingi", siku, miezi na maelekezo. Ni kazi ya mchana mmoja na chupa ya chai. Chagua msemaji wa Kiswahili kilichonyooka asiyeigiza utangazaji wa redio.

Mtu akikosea, sauti imwambie kosa ni nini. "Umekosea" peke yake haisaidii. "Umeandika tarakimu 11, zinatakiwa 12" inasaidia.

Ukitaka kujua kama umefaulu, funika kioo kwa khanga, washa redio kwa nguvu kando yake, kisha mwambie mtu ambaye hajawahi kuiona mashine akate tiketi ya kesho asubuhi. Tiketi ikitoka ya saa sahihi na bei sahihi, songa mbele.

## Hatua ya 7: Macho hafifu, viziwi, na wasiosoma

Maandishi yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kuna programu za bure za kupima. Kijivu juu ya nyeupe, ambacho wabunifu vijana wanakipenda sana, kinaanguka. Herufi zisipungue milimita 4.8, na mimi sishuki chini ya 8. Usiandike kila kitu kwa herufi kubwa. Kitu chochote kisimetemete zaidi ya mara tatu kwa sekunde, kinaweza kumletea mtu kifafa.

Kuhusu viziwi, watu wanafikiri "si wanasoma tu?" Kwa kiziwi aliyekua na Lugha ya Alama ya Tanzania, Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili. Sentensi ndefu ya kiofisi inamchosha. Andika "Weka namba ya simu". Usiandike "Tafadhali ingiza namba yako ya simu iliyosajiliwa ili kuendelea na hatua inayofuata". Kwa maelekezo magumu weka video fupi ya lugha ya alama, alama zikitolewa na kiziwi mwenyewe au mkalimani anayekubalika na CHAVITA, nguo zenye rangi inayotofautiana na mikono.

Mashine ya foleni inayoita "namba 47, dirisha la 3" kwa spika tu inamfanya kiziwi akae mpaka jioni. Namba ionekane kwenye kioo kikubwa na itumwe kwa ujumbe wa simu. Na kitufe cha msaada kisiishie kwenye kupiga simu. Kiwe na njia ya ujumbe.

Wasiojua kusoma hawahitaji mashine nyingine. Sauti uliyoijenga kwa ajili ya asiyeona itamfaa bibi aliyetoka Machame bila miwani yake.

## Hatua ya 8: Nukta nundu, na nani azisome

Weka maelekezo mafupi ya nukta nundu, yale maandishi ya vidoti vilivyoinuka ambayo asiyeona huyasoma kwa kidole, pale mkono unapofika kwanza, karibu na mkono wa simu: namna ya kuanza kusikiliza. Mengine sauti itayasema.

Kibao kikifika kutoka kwa mchongaji, usikifunge mpaka mtu anayesoma nukta nundu akipitishie kidole kikiwa mahali pake. Fundi wangu alikifunga kichwa chini. Kwa macho yetu hakuna tofauti, ni vidoti tu. Kwa msomaji, herufi w ikigeuzwa juu chini inakuwa r, na nyingine zinakuwa alama zisizo na maana kabisa. Msomaji wetu alipapasa, akanyamaza, akauliza kwa heshima zote kama hicho ni Kisomali. Tangu hapo natoboa tundu la skrubu moja juu na mawili chini, kibao kisiweze kufungwa vibaya hata kwa makusudi.

Usipake rangi nzito juu yake. Rangi inaziba.

## Hatua ya 9: Muda na umeme

Mashine nyingi zinajifunga baada ya muda mfupi wa kimya. Mtu mwenye mikono mizito, au anayesikiliza sauti mpaka mwisho, hujikuta ameanza upya mara tatu. Kabla ya kufunga, iulize kwa sauti na kwa maandishi, "Unahitaji muda zaidi?", impe angalau sekunde 20 za kujibu kwa kitufe kimoja chochote, na imruhusu kuongeza tena hata mara kumi.

Umeme ukikatika katikati ya malipo, anayeona anaangalia taa za jengo na kuelewa. Asiyeona anabaki ameshika mkono wa simu uliokufa, hajui pesa imekwenda au la. Weka betri ndogo inayotosha kumalizia shughuli moja na kutamka: "Umeme umekatika, pesa yako haijakatwa," au kama imekatwa, itoe risiti. Mashine isiyoweza kusema hilo ni afadhali ikatae malipo mapya mara umeme unapoondoka.

## Hatua ya 10: Jaribio la siku nzima

Waite tena wale watano, mashine ikiwa mahali pake kamili. Mpe kila mmoja kazi ya kweli: "Lipa bili hii", "Kata tiketi ya kesho". Kisha kaa mbali na ufunge mdomo. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko kuchomelea. Utatamani kusema "hapo kushoto kidogo". Ukisema, jaribio limekufa.

Andika mambo matatu tu: alipokwama, alichosema, na kama alimaliza bila msaada. Wanne wakimaliza na mmoja akashindwa, rudi karakana.

Baada ya hapo mfundishe mlinzi na mhudumu wa usafi, kwa sababu mashine itaishi nao. Mlinzi asiweke kiti chake kwenye ile sakafu tupu, na bodaboda zisiegeshwe kwenye mteremko. Mhudumu asimwage maji yenye sabuni kwenye kibodi, na apanguse vumbi kwenye mkono wa simu kila siku, maana unagusa masikio ya watu.

Mimi hurudi baada ya mwezi, bila kuaga, na kiti mwendo nyuma ya pikapu. Mara ya mwisho, Moshi, nilikuta ile nafasi ya magoti imejaa katoni za karatasi za risiti mpaka juu. Nikazitoa moja moja, nikampa mlinzi, naye akauliza sasa azihifadhi wapi. Siku hizi kabati la karatasi naliweka kwenye mchoro tangu mwanzo, upande wa nyuma, lenye kufuli.